Je, Wajua? Baba katoka kupasuliwa moyo, mbona anaona mbuzi wodini?

Upasuaji umekwenda vizuri. Daktari bingwa kasema, ndugu wameshukuru Mungu, shangazi keshapiga simu mikoa yote. Siku ya tatu baba anafumbua macho na kuuliza kwa ukali ni nani kaingiza mbuzi wodini. Mwezi mmoja baadaye yuko nyumbani, mbuzi kawasahau, lakini analia akisikia tangazo la sabuni redioni na hakumbuki kama amekunywa dawa za asubuhi. Familia inanong'onezana: huyu kweli ndiye yule tuliyempeleka?

Ndiye. Tena mambo haya yameandikwa, yamehesabiwa na yamechunguzwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Nimeyasoma kwa pupa, na haya hapa ni yale yaliyonifanya nimwite mtu jikoni aje anisikilize.

Asilimia 2 ya mwili, asilimia 20 ya hewa

Ubongo wa mtu mzima haufiki kilo moja na nusu, yaani takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hujichukulia karibu moja ya tano ya oksijeni yote tunayovuta. Na hauna akiba: damu ikikatika ghafla kichwani, mtu huzimia ndani ya sekunde kama 10. Hapo ndipo unaelewa kwa nini anayeguswa moyo huguswa na kichwa pia, hata kama kisu hakikupita juu ya shingo.

Mwaka 1954, ndugu wa mgonjwa ndiye aliyekuwa mashine

Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, daktari John Gibbon alimpasua moyo binti wa miaka 18 huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu yake kwa dakika 26. Binti akapona. Wazo lilikuwa limemkaa Gibbon tangu 1931, alipokesha kando ya mgonjwa aliyezibwa na bonge la damu mapafuni, na miaka mingi ya majaribio aliifanya bega kwa bega na mkewe, Mary. Mashine za leo humsukumia mtu mzima karibu lita 5 za damu kwa dakika: dumu zima la mafuta ya kula. Operesheni ya saa mbili ni madumu 120.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwaka uliofuata, huko Minnesota. Daktari Walton Lillehei hakutumia mashine hiyo. Alimlaza mtoto mgonjwa na mzazi wake katika chumba kimoja, akawaunganisha kwa mirija, na moyo na mapafu ya mzazi vikahudumia miili miwili. Waliopasuliwa hivyo walikuwa 45, wengi wao watoto wadogo, na 28 kati yao walitoka hospitalini wakiwa hai. Wapinzani wake walisema huo ndio upasuaji wa kwanza unaoweza kuua asilimia 200 ya wagonjwa. Siku hizi ndugu husubiri kwenye benchi nje, na wengi hudhani kazi yao imeishia kuchangia damu na kulipa bili. Subiri uone.

Aliyebuni valvu ndiye aliyeandika juu ya kuweweseka

Mwaka 1960 daktari Albert Starr wa Oregon alimwekea mgonjwa valvu ya bandia aliyoibuni na mhandisi Lowell Edwards, yenye kigololi ndani ya kizimba. Umbo lake linafanana na kizibo cha chupa kilichopewa hataza mwaka 1858! Miaka minne tu baadaye, Starr huyohuyo na daktari wa magonjwa ya akili, Paul Blachly, walichapisha makala kuhusu wagonjwa waliochanganyikiwa baada ya kupasuliwa moyo.

Kwa maneno mengine, jambo hili halikuvumbuliwa na shangazi yako. Madaktari wamelijua karibu tangu siku ya kwanza, na kwa wagonjwa wazee si ajabu kukuta mmoja kati ya wanne amepitia hali hiyo. Huanza ghafla siku za mwanzo, na huja na kuondoka: asubuhi mzee anakuuliza habari za shamba kwa ufasaha, jioni anataka kung'oa mirija aende kituo cha basi. Kubishana naye kuhusu mbuzi hakusaidii, na kumkubalia kwamba mbuzi wapo hakusaidii pia. Mwambie taratibu wewe ni nani, hapa ni wapi, leo siku gani, na kwamba upasuaji umekwisha salama. Halafu mwambie tena.

Hippocrates aliona vidole vikichuna shuka

Maandishi ya utabibu yanayobeba jina la Hippocrates, ya karne nyingi kabla ya Kristo, yanaeleza wagonjwa mahututi wanaopapasa hewani, wanaokamata visivyoonekana na kuchuna nyuzi za mashuka. Muuguzi wa leo katika chumba cha wagonjwa mahututi akiona vidole hivyo huinua kichwa mara moja. Shuka za hospitali zimebadilika, vidole havijabadilika.

Mtulivu ndiye wa kutazamwa

Anayepiga kelele na kuvuta mirija haweweseki peke yake. Wapo wanaochanganyikiwa kimya kimya: wanalala mchana kutwa, wanajibu kwa neno moja, wanatazama ukuta, na hao ndio mara nyingi hukosa kutambuliwa, hasa miongoni mwa wazee. Wodi inapita na kusema "mzee anapumzika vizuri."

Hapa ndugu wana ujuzi ambao daktari hana. Daktari amekutana na mgonjwa juzi. Wewe unajua kwamba baba huyu hajawahi kukaa saa nzima bila kuuliza matokeo ya mpira. Ukiona tofauti, sema hivyo hivyo kwa muuguzi: "Huyu si wa kawaida yake tangu jana jioni." Sentensi hiyo ina thamani ya kipimo.

Miwani ilipogeuka kuwa tiba

Mwaka 1999 daktari Sharon Inouye na wenzake wa Yale, Marekani, walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 852 wa miaka 70 na kuendelea waliolazwa katika wodi za kawaida. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu walipata pia mambo ambayo bibi yeyote angeyapendekeza: miwani yao, kifaa chao cha kusikia, maji ya kunywa ya kutosha, kuinuliwa na kutembezwa, mtu wa kuzungumza nao, na usiku kinywaji cha moto na kusuguliwa mgongo badala ya kidonge cha usingizi. Waliochanganyikiwa walikuwa asilimia 15 katika kundi la kwanza na 9.9 katika la pili. Hakuna dawa mpya iliyotumika, wala mashine!

Wagonjwa wale hawakuwa wa upasuaji wa moyo, lakini mawazo hayo yameenea katika wodi za kila namna. Kwa hiyo begi la hospitali lisibebe khanga na chupa ya chai tu. Weka miwani, meno ya bandia, betri za kifaa cha kusikia, saa yenye tarakimu kubwa. Na ikiwa mgonjwa amesafirishwa kwenda India, kama wengi wetu tunavyofanya, mtu wa kuandamana naye asichaguliwe kwa sababu anajua Kiingereza pekee. Mzee akizinduka hajui aliko, huhitaji sauti anayoitambua, kwa lugha anayoiota.

Wodi isiyojua usiku

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele katika vyumba vya wagonjwa usiku iwe karibu desibeli 30, yaani mnong'ono. Vyumba vya wagonjwa mahututi mara nyingi huvuka 50, kwa vile ving'ora vya mashine, magurudumu na mazungumzo havina zamu ya kulala. Mtu akikaa humo siku nne bila kujua jua limechwea saa ngapi, kupoteza tarehe ni jambo dogo sana.

Piriton ina mkono wake

Kidonge kidogo cha njano ambacho nyumba nyingi hukiweka kabatini kwa mafua na kuwasha kimo katika orodha ya dawa ambazo wazee wanashauriwa kuziepuka. Orodha hiyo ilianzishwa mwaka 1991 na daktari Mark Beers wa Marekani. Sababu ni kwamba dawa za kundi hilo huzuia kemikali ya ubongo inayosaidia umakini na kumbukumbu, na kwa mzee aliyetoka kupasuliwa zinaweza kuwasha moto upya. Valium nayo hushukiwa vivyo hivyo. Ndugu mwenye huruma anayesema "mpe Piriton alale" anaweza kuwa ndiye anayewarudisha mbuzi.

Siri ya chupa hutoka siku ya pili

Mtu aliyezoea kunywa pombe kila siku akikatizwa ghafla kwa kulazwa, anaweza kuanza kutetemeka, kutokwa jasho na kuona vitu siku ya pili hadi ya nne. Zinafanana kabisa na siku ambazo mkanganyiko wa upasuaji hutokea, ila matibabu yake ni tofauti, na ikipuuzwa huua. Najua kwamba mbele ya wakwe na shehe au mchungaji ni vigumu kusema mzee hunywa. Mfuate daktari pembeni umwambie kiasi halisi, kabla ya operesheni.

Clinton na vinyago vyeusi

Septemba 2004, Bill Clinton, akiwa na miaka 58, alipandikizwa mishipa minne ya moyo mjini New York. Wiki chache baadaye alimsimulia mtangazaji Diane Sawyer kwamba aliona nyuso nyeusi kama vinyago vya mauti zikija mbele yake na kupondeka, kisha duara za mwanga zenye sura za mkewe na bintiye zikiruka kwenda mbali. Rais mstaafu, hospitali ya hali ya juu, na bado vinyago.

Wagonjwa wengi huyaficha. Wanaogopa kuonekana wamerogwa au wamerukwa na akili, na wengine huamini hadi leo kwamba muuguzi fulani alitaka kuwaua. Swali rahisi, "Uliota au uliona nini kule?", huweza kufungua mlango uliofungwa miezi.

Daftari la shilingi chache

Katika hospitali za Skandinavia wauguzi walianza kumwandikia mgonjwa mahututi shajara: leo umetolewa mashine ya kupumulia, leo dada yako alikuja, leo uligombana na mirija. Mwaka 2010 utafiti wa Christina Jones na wenzake katika hospitali 12 za Ulaya, kwa wagonjwa 352, ulionyesha kwamba waliopewa shajara hizo baada ya kupona walipata kiwewe kipya kwa asilimia 5, na waliocheleweshewa kwa asilimia 13.

Sababu inapendeza. Mgonjwa anabaki na pengo la siku kadhaa, na pengo hilo hujazwa na ndoto za kutisha. Daftari humpa kitu halisi cha kuliziba: kumbe yule mtu aliyemfunga mikono alikuwa muuguzi akimzuia asing'oe bomba la shingoni. Hata pale ambapo saa za kutembelea ni chache, andika mistari mitatu ukitoka. Tarehe, nani alikuja, alisema nini, mvua ilinyesha. Usimpe siku ya kwanza nyumbani; mngoje aulize.

Pampu iliyosingiziwa

Hapa ndipo hadithi inapopinduka kama riwaya ya upelelezi. Mwaka 2001 watafiti wa Duke, Marekani, walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 261 waliopandikizwa mishipa ya moyo, asilimia 53 walikuwa wamepungukiwa na uwezo wa kufikiri siku ya kuruhusiwa. Wiki sita baadaye walikuwa asilimia 36. Miezi sita, 24. Familia zingepumua hapo. Lakini baada ya miaka mitano idadi ilipanda tena hadi asilimia 42, na dunia nzima ikaielekezea kidole mashine ya moyo na mapafu.

Basi Waholanzi wakafanya jaribio: wengine wapasuliwe kwa mashine, wengine moyo ukiendelea kudunda bila mashine. Miaka mitano baadaye hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, nao wakawalinganisha waliopasuliwa na watu wenye ugonjwa uleule wa mishipa ya moyo ambao hawakupasuliwa. Baada ya miaka kadhaa kumbukumbu zao zilikuwa zimeshuka kwa kiasi kinachofanana. Mshukiwa mkuu akawa ugonjwa wenyewe, kwa kuwa kinachoziba mishipa ya moyo hakiiachi mishipa ya kichwani.

Ninavyoona mimi, hii ni habari njema iliyovaa nguo mbaya. Ukungu wa wiki za kwanza kwa kawaida hupungua: kusahau katikati ya sentensi, kushindwa kufuata watu wawili wakizungumza kwa pamoja, kusoma ukurasa uleule mara tatu. Wa miaka ya baadaye unapigwa vita kwa kudhibiti presha, sukari na sigara. Kwa sasa, zima televisheni mnapozungumza, mpe jambo moja kwa wakati, tumia kiboksi cha dawa chenye siku saba, na asisaini mkataba wa kuuza kiwanja mwezi huu hata akisisitiza.

Kidari kimeshonwa kwa waya

Ili kuufikia moyo, mara nyingi kidari hukatwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini, kisha hufungwa kwa waya za chuma ambazo kwa kawaida hubaki humo maisha yote. Mfupa huhitaji wiki sita hadi kumi na mbili kuunga. Ndiyo maana wagonjwa hukumbatia mto wanapokohoa, hulala chali wasivyozoea, na hukosa usingizi. Nusu ya ukali wa mzee huenda ni usiku mbovu tu.

Mwanamume mzima analia

Tarehe 21 Februari 2000, mtangazaji wa Marekani David Letterman, aliyejulikana kwa kejeli na ulimi mkali, alirudi kwenye kipindi chake wiki chache baada ya kupandikizwa mishipa mitano. Aliwapandisha jukwaani madaktari na wauguzi wake, na machozi yakamlenga mbele ya mamilioni.

Machozi ya namna hiyo ni ya kawaida wiki za mwanzo. Sonona ni jambo jingine. Duke waliwapima wagonjwa 817 kabla ya kupandikizwa mishipa, na asilimia 38 walikuwa nayo kwa kiwango fulani. Wale ambao yao ilikuwa ya kati au kali walikabiliwa na hatari ya kufa zaidi ya mara mbili ya wasio nayo katika miaka iliyofuata. Tazama kama huzuni inapita wiki mbili bila kupungua, kama amekataa chakula anachokipenda, kama hataki wajukuu wamkaribie. Daktari wa moyo anapaswa kuyasikia hayo, kwa sababu yanauhusu moyo. Na dawa ya sonona isinunuliwe dukani kwa kubahatisha: baadhi huongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Mgonjwa anaweza kuwa bintiyo

Ulaya na Marekani mgonjwa wa moyo ni mzee. Kwetu, wengi wanaohitaji valvu ni vijana, na chanzo ni maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa, yakazaa homa ya baridi yabisi iliyoharibu valvu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, huwapokea wagonjwa wa namna hiyo, na mjini Khartoum, Sudan, kituo cha moyo cha Salam kilifunguliwa mwaka 2007 kuwapasua bila malipo.

Valvu ya chuma ina sauti. Ti, ti, ti, na usiku nyumba ikiwa kimya mwenyewe huisikia, wakati mwingine hata anayelala karibu naye. Msichana wa miaka 20 anayesikiliza moyo wake ukigonga namna hiyo, anayehesabu vidonge vya warfarini na kuambiwa aonane na daktari kabla ya kufikiria ujauzito, ana haki ya kununa. Redio ya sauti ya chini husaidia. Wengi huzoea. Mchicha ale, ila kiasi kisirukeruke wiki hadi wiki, maana vitamini K iliyomo huvutana na dawa.

Yasiyosubiri asubuhi

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakivurugika ghafla: hicho ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo, na dakika zina bei. Mkanganyiko mpya unaoanzia nyumbani, hasa wenye homa au kidonda kinachotoa majimaji, nao ni wa kwenda leo. Na mgonjwa akisema afadhali angefia mezani, asinyamazishwe kwa "usiseme hivyo." Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru, kaa naye, mpeleke.

Simu ya muuguzi iliyoshinda huzuni

Mwaka 2009 daktari Bruce Rollman na wenzake wa Pittsburgh walichapisha jaribio juu ya watu 302 waliopata sonona baada ya kupandikizwa mishipa ya moyo. Nusu yao walipigiwa simu na wauguzi kwa miezi minane, wakiwa nyumbani kwao. Wauguzi waliwaeleza sonona ni nini, waliwauliza kuhusu usingizi na matembezi, na waliwasiliana na madaktari wao kuhusu dawa. Dalili zilipungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 50 ya waliopigiwa, dhidi ya takriban 30 ya wasiopigiwa.

Simu hizo hazikumlazimu mtu kupanda gari kwenda kliniki ya akili, wala jirani kujua. Na waliofaidika zaidi walikuwa wanaume, yaani walewale ambao ukiwauliza hali hujibu "nzuri tu" na kuomba rimoti.